Bakuli Lililopinduka

Ukifungua kabati la nguo la Shangazi, kabla hujaona gauni hata moja utakutana na harufu ya mafuta ya mashine. Usidhani kuna chupa iliyopasuka. Pale pembeni, kati ya magauni ya kutokea na shuka za wageni, kinaning'inia chuma kirefu kilichofungwa kitambaa safi kama mgonjwa aliyetoka hospitali juzi. Hicho ndicho chuma cha ukoo wao cha kupigia ng'ombe chapa, na Shangazi ndiye mtunzaji wake. Mawifi zake wamemwomba mara nyingi akipeleke stoo, kwenye majembe na madumu ya maziwa. Jibu lake halibadiliki.

"Jina la baba yangu likalale na majembe? Nyinyi mmeamka vizuri kweli?"

Na ni kweli kwamba chuma kile ni jina. Chapa yenyewe ni nyepesi, hata mtoto anaweza kuichora: bakuli limekaa juu ya mstari, kama limetengwa mezani likisubiri chakula. Ng'ombe mwenye bakuli kwenye paja la kushoto akifika mnadani, walinzi wa lango humfungulia bila kumuuliza anayemswaga amemtoa wapi. Heshima hiyo haikuokotwa njiani. Babu aliitafuta, baba akaitunza, na hakuna hata mmoja wa nyumba ile aliyewahi kuwekwa kando pale langoni ajieleze. Wapo wenye magari na maghorofa. Wao wana bakuli, na wanatembea vichwa juu vilevile.

Ng'ambo ya barabara, baada ya maduka machache, wanakaa watu wa mlango. Chapa yao ni upinde, na juu ya upinde kuna mstari, kama mlango na boriti yake. Mkuu wa nyumba hiyo ni mzee mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ndiyo maana anaitwa Baragumu; akisema siri nyumbani kwake, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Mtu mwenye macho atagundua upesi kwamba bakuli juu ya mstari, likipinduliwa, ni mlango. Wazee wa nyumba zote mbili waligundua hilo zamani, wakacheka, wakakubaliana kila mtu ashike chuma chake vizuri. Basi. Kwa ajili hiyo baba yake Shangazi alichonga mkato kwenye mpini wa mbao. Kidole gumba kikikaa kwenye mkato, bakuli liko wima. Huna haja ya kutazama.

Shangazi hakurithi chuma hicho kwa kupendelewa. Alikuwa na kaka wenye misuli, ila misuli yao ilikuwa na haraka. Kaka Mkubwa, ambaye leo ndiye msemaji wa familia, alipopewa chuma mara ya kwanza alikikandamiza kama anapiga muhuri wa serikali, ndama akaruka, chapa ikatoka ndefu kama sufuria yenye mkia. Mdogo wake alifumba macho. Dada yao, aliyekuwa akijifunza ushonaji na mkono wake umezoea kufuata mstari bila kutetemeka, akasema kwa utani, "Baba, nipe mimi, niwashonee." Baba akampa. Ndama akalia mara moja tu, akaenda kutafuta mama yake. Tangu hapo hakuna aliyegombania chuma na Shangazi, ingawa bado anashona nguo za watu, na wateja wake wamezoea kuambiwa, "Wiki hii usije, nina ndama."

Siku ya chapa anakuwa mtu mwingine. Huyu mama mcheshi, anayeweza kukuvunja mbavu huku anakupima kiuno, anavaa buti, anakaza glavu za ngozi, anafunga kilemba chake hadi nyusi zinapanda, na mdomo unabana. Kwanza anatazama ngozi za ndama. Kama mvua imepita au umande haujakauka, watu wanarudishwa nyumbani. "Ngozi mbichi inatoa mvuke," anasema. "Mvuke unatambaa, bakuli linakuwa dimbwi. Nendeni mkalale." Kisha anagusa glavu zake kwa ndani, maana glavu zenye maji ni hatari kuliko mkono mtupu: joto likipita, unapikwa ukiwa umevaa. Ndoo ya maji inakaa kulia kwa moto, ndoo ya mchanga kushoto. Maji ni ya watu na nyasi. Chuma hayakihusu kabisa. Chuma kikimwagiwa maji kikiwa moto kinapata ufa usioonekana, na siku moja kitamkatikia mtu mkononi. Chake kinapoa chenyewe, juu ya mawe, mahali ambapo hakuna atakayepita bila viatu.

Na moto wenyewe una rangi zake. Chuma kikiwa cheusi bado hakijafika. Ukikitumia utakishikilia mpaka mnyama akuchukie. Kikiwa chekundu kimepitiliza, kitawasha manyoya na kuacha kidonda. Shangazi anasubiri rangi ya jivu. Hapo anakisugua uso kwa brashi ya waya kuondoa masizi na manyoya ya ndama aliyetangulia, anakiinua, ncha ikitazama chini, na anatoa neno moja tu.

"Moto!"

Neno hilo likitoka, watu wanapisha hata kama ni mgeni rasmi. Na baada yake hakuna mwenye ruhusa ya kusema kitu. Hiyo ndiyo sheria yake kubwa: chuma kikiwa moto, maneno yakae nje ya uzio. Aliitunga mwaka ambao Kaka Mkubwa alimpigia soga kuhusu mpira, Shangazi akageuka kumjibu, na chuma kikapita karibu na sikio la mtu. Sikio lilipona. Soga zikafa.

Basi mwaka mmoja mpini ulianza kupasuka. Mbao ilikuwa imekauka, na kichwa cha chuma kikawa kinacheza kidogo ukikitikisa. Mtu mwingine angefunga waya akaendelea. Shangazi alikipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimsimamia, akamwambia arefushe shina ili mkono ukae mbali na joto, aweke kipete cha kutundikia, na mpini mpya autengeneze kwa mti mgumu, laini, usio na kibanzi hata kimoja.

"Hata kibanzi?" fundi aliuliza.

"Hata cha dawa."

Fundi akapiga msasa mpaka mpini ukang'aa kama kiwiko cha mtoto mchanga. Shangazi alirudi nao nyumbani akauzungusha mezani kila mtu aushike. Wote wakausifia. Binti wa Kaka Mkubwa ndiye aliyekaa nao muda mrefu. Msichana huyo alikuwa amemaliza shule, akifundishwa na shangazi yake kushona na kupiga chapa vilevile, na kwa sababu hajawahi kuambiwa kitu bila kuuliza sababu yake, nyumba nzima inamwita Kwanini. Aliupapasa ule mpini huku na huku, kuna kitu kikawa kinamkera kwenye vidole, lakini chakula kikaletwa, ukaondolewa mezani.

Ndama wa kwanza mwaka huo alikuwa wake Kwanini. Ndama jike, mwekundu, mwenye paji jeupe, mtoto wa ng'ombe bora waliye naye. Shangazi alikuwa amemwahidi mbele ya wote: "Huyu ni wako, uanzie maisha. Na nitamchapa mimi mwenyewe." Msichana alikuwa amemsugua tangu asubuhi kama anampeleka harusini. Ndama akaingizwa kwenye ule ujia mwembamba wa mbao, lango likambana shingo taratibu, Kaka Mkubwa akashika mkia. Moto ukakubali. Rangi ya jivu ikatokea.

"Moto!"

Shangazi akapita, macho yakiwa pajani kwa ndama. Ndivyo anavyofanya siku zote, maana mkono ndio unaosoma chuma na macho yanasoma mnyama. Kidole gumba kikatafuta mahali pake, kikateleza kwenye ulaini, kikatulia. Kwanini, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa ujia, akaona mstari uko juu. Akafungua mdomo. Akakumbuka sheria. Akaufunga.

Chuma kikagusa, kikabembea kidogo, kikatoka. Ndama akalia mara moja. Manyoya yalipoacha kutoa moshi, paja likabaki na alama safi, rangi ya kiatu kipya, kingo zimekatika vizuri kuliko chapa yoyote iliyowahi kutoka kwenye moto ule.

Mlango.

Mkia ukamponyoka Kaka Mkubwa.

"Shangazi," Kwanini akasema polepole, "sasa naruhusiwa kuongea?"

Shangazi alikilaza chuma juu ya mawe, akavua glavu moja, akapitisha kidole kwenye mpini mpya kutoka mwanzo hadi mwisho. Laini. Ule mkato ulikuwa umebaki kwenye kipande cha mbao kule kwa fundi, kwenye takataka, na yeye ndiye aliyekaa pale kwenye ndoo akidai usibaki hata ukwaruzo.

"Uliona?" alimuuliza msichana.

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Wewe ndiye uliyesema tunyamaze!"

Ilikuwa sheria yake, na imetiiwa.

Kaka Mkubwa ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Jambo dogo hili. Kitie tena moto, kigeuze, piga juu yake. Itakuwa bakuli juu ya mlango, nani atajua?"

"Nani atajua!" Shangazi akamgeukia. "Kaka, umewahi kuona chapa mbili zimelaliana kwenye paja moja? Wanaofanya hivyo ni akina nani?"

Kaka Mkubwa alikuna kidevu. Alijua. Wezi wa mifugo ndio wanaopiga chapa juu ya chapa. Ng'ombe wa namna hiyo akifika mnadani, lango halifunguki, na anayemswaga anaulizwa jina la baba yake.

"Basi tumfiche zizini," alisema. "Tusimuuze. Azeekee hapa hapa."

"Na Baragumu akichungulia uzio akaona mlango wake umesimama kwenye zizi letu? Atasema tumeazima? Na mnyama ameungua mara moja, inatosha, simrudii." Alivuta pumzi. "Sitaki watu waanze kuhesabu ng'ombe wetu kwa macho ya pembeni. Kwanini, lete kamba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ana mlango. Anakwenda kwa wenye mlango."

Uso wa msichana ulikunjamana, akauma mdomo. Alikuwa amekwisha kumpa ndama yule jina, amekwisha kumpangia mahali pa kulala na idadi ya wajukuu. Lakini alileta kamba, na hakuwa amelia, na Shangazi aliliona hilo akaliweka moyoni.

Ingekuwa rahisi kupita njia ya nyuma, kando ya mfereji, ambako hakuna mtu ila bata. Shangazi alisema hapana. Alipaka ndama dawa pajani, akavua buti, akavaa viatu vyake vya kutokea, akanawa masizi usoni, akatoka kwa lango kubwa saa ambayo maduka yote yamefunguliwa, kamba mkononi, Kwanini pembeni, ndama katikati na mlango wake kama bango.

"Mama wa chapa!" muuza mkaa alimwita. "Huyo si mlango huyo?"

"Ni mlango."

"Mmenunua kwa Baragumu?"

"Nimekosea mimi. Nimeshika chuma juu chini."

Muuza mkaa akaduwaa, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kinyozi akatoka na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Mteja wa Shangazi, mama mwenye gauni la mikono ambalo bado lina pini, akauliza kwa huruma ya uongo, "Na gauni langu je, halitashonwa juu chini?"

"Ukilipitisha kichwa likagoma, utajua," Shangazi alimjibu bila kupunguza mwendo. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Lakini kila aliyeuliza alijibiwa maneno yale yale, wazi, kwa sauti.

"Shangazi," Kwanini alinong'ona, "kwa nini unawaambia wote?"

"Nikiwaambia mimi, ni kosa. Wakiambiana wao, ni wizi. Shika kamba vizuri."

Baragumu alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anasafisha kwato za ng'ombe. Akainua kichwa, akaona kamba, akaona ndama, akaona paja. Ajabu ni kwamba hakupiga kelele. Akasimama, akazunguka nyuma ya ndama, akainama, akaitazama ile chapa kwa muda, akajikuna tumbo.

"Huyu ni wangu?" aliuliza.

"Kwa chapa, ni wako," Shangazi akasema. "Kwa mama, ni wetu. Nimebadilisha mpini nikasahau mkato. Sikuja kukuomba kitu, jirani. Nimekuja kukabidhi. Jina la baba yangu siwezi kulificha zizini."

"Mtoto wa yule ng'ombe wenu mkubwa?"

"Huyo huyo."

"Wa maziwa yale?"

"Yale yale. Usinikolezee uchungu."

Baragumu akapitisha kiganja mgongoni mwa ndama. Ilionekana wazi kwamba mnyama amempendeza, na hakuna wa kumlaumu. Akamtazama Kwanini, ambaye alikuwa anakaza macho yasimwage chochote. "Na wewe unalia nini?"

"Silii."

"Alikuwa wako?"

"Alikuwa."

Ndipo cheko likaja. Lilianzia tumboni, likapanda, likatoka, kuku wakatawanyika, na kule barabarani kinyozi akasikika akisema, "Ameshaambiwa!" Baragumu alicheka akashika ukuta. Akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Maisha yangu yote," alisema akihema, "sijawahi kupata chapa safi hivi. Vijana wangu wananichorea milango imepinda kama nyumba inataka kuanguka. Umeshika juu chini na bado umetushinda!"

"Baragumu, usinitanie leo."

"Sikutanii, bibie. Nakuonea wivu." Kisha akatulia, akaongea kwa sauti ambayo Shangazi hakujua kwamba anayo, ndogo, ya mtu wa kawaida. "Mimi nikimchukua huyu, kesho watasema Baragumu amekula ndama wa jirani kwa sababu mkono wa mtu umeteleza. Jina langu nalo nalipenda. Nipe kamba."

Akaichukua kamba akatoka nayo barabarani. Shangazi akamwita, "Unakwenda wapi? Pita njia ya nyuma, nitakufungulia."

"Njia ya nyuma ya nini? Waliomwona akija ndio haohao wamwone akirudi."

Na hapo sauti yake halisi ikarudi. Kuanzia langoni kwake hadi langoni kwa akina Shangazi, Baragumu alitembea na ndama akitangaza kama anauza samaki: huyu ana mlango wangu, lakini si wangu, ni wa huyu binti hapa, mimi nimesema, anayebisha ajitokeze! Hakuna aliyejitokeza. Kinyozi alimwita bwana mifugo, aliyekuwa anasubiri zamu yake ya kunyolewa, naye akasikia mwenyewe kwa masikio yake. Siku iliyofuata alikuja kumvalisha ndama hereni ya sikioni, mbele ya nyumba zote mbili, na walinzi wa mnadani wakaarifiwa kwamba mlango mwenye hereni ni wa watu wa bakuli. Habari iliwafikia kabla ya bwana mifugo, kwa sababu ya sauti ya Baragumu.

Jioni ya siku ile ya kosa Shangazi alikaa barazani na mpini mapajani na tupa mkononi. Akaanza kupima mahali pa kidole gumba, akasita, akauvuta mkono wa Kwanini, akaukunja juu ya mpini.

"Shika kama unavyoshika ukiwa umechoka," alisema. "Hapo. Usihame."

"Kwa nini changu? Chuma si chako?"

"Mimi nilikiamini kidole mpaka macho yakawa mapambo. Sasa kila mwaka, kabla ya ndama wa kwanza, chapa inapigwa kwenye ubao tuione. Na chuma kikiwa moto, anayeona kosa ana ruhusa ya kupiga kelele."

"Hata soga za mpira?"

"Za mpira hapana."

Akachonga mkato penye gumba la msichana, mrefu kidogo kuliko ule wa zamani, ili hata gumba la Shangazi mwenyewe lipate pa kukaa. Kisha akapaka mafuta, akafunga kitambaa, akamwambia Kwanini akakitundike kabatini mwenyewe. Kabati likafungwa, harufu ikabaki.

Yule ndama sasa ni ng'ombe mkubwa ambaye amekwisha kuzaa. Jina lake ni Mlango, na hakuna jina lingine ambalo lingemfaa. Siku mtoto wake alipoingizwa kwenye ujia, ubao ulikuwa umeegemezwa uzioni na bakuli jipya limesimama wima juu yake, na Kwanini ndiye aliyevaa glavu. Shangazi alikaa pembeni ameshika ndoo ya mchanga, hana kazi, anateseka. Baragumu alikuwa ameegemea uzio kwa tumbo.

"Mama ni mlango, mtoto ni bakuli!" alinguruma. "Jirani, sheria gani hiyo? Mimi nadai maziwa ya upande mmoja! Wa kushoto! Na tena nasema..."

Chuma kilikuwa kimefika rangi ya jivu. Kwanini alikisugua uso kwa brashi, akatazama mstari uko wapi, akatazama tena, akakiinua.

"Moto!"

Baragumu akaruka nyuma na kufunga mdomo, jambo ambalo mtaa ule haujapata kuliona.